Pointi Zilizotosha Kwenda Tu

Miaka niliyofanya kazi za nyumbani Ghuba, kitu kimoja tu kilikuwa kwa jina langu: pointi za ndege. Pasipoti alikaa nayo bosi. Chumba nililala na watoto wake. Lakini kila nilipokuja likizo na kurudi, kampuni ya ndege ilinihesabia pointi zangu. Mke wa bosi ndiye aliyeniandikisha, na kwa hilo simsemi vibaya. Alisema, "Zikijaa, utasafiri bure."

Nikaziweka kwa ajili ya mama. Mdogo wake wa pekee aliolewa Kisumu, na figo zilikuwa zimemshinda, hawezi safari. Mama naye mgongo wake haustahimili basi la kukesha njiani. Nikamwahidi kwamba tutapanda ndege, mimi na yeye, kwenda na kurudi. Niliporudi kwetu Mjambere, huku pwani, nisiende tena Ghuba, nikaangalia kwenye simu. Zilikuwa zinatosha wawili, na nyingine zinabaki.

Kabla hatujaenda, baba akafariki. Tukamzika kijijini, na mama akasema hatoki mpaka kaburi lijengwe.

"Mama, si kutembea, ni kumwona mgonjwa."

"Weye unasema hivyo. Watu wataniona naenda zangu angani na leso mpya, babako hata simiti hajapata."

Sikubishana naye, na hata leo siwezi kusema alikosea. Kwetu mjane huona haya kumwacha mumewe chini ya mchanga mtupu. Isitoshe, pointi zilikuwa zinakula nini? Niliziacha kama mtu anavyoacha vyombo vya wageni kabatini.

Mshahara wangu wa kufua mashuka hotelini Shanzu ndio uliojenga kaburi lile, pole pole, mwaka mzima na zaidi. Lilipokwisha, mama mdogo alikuwa akipiga simu kwa sauti nyembamba: "Dada, unakuja au unanidanganya?" Nikamchukua mama tukaenda mjini, ofisi ya ndege. Alivaa ile leso mpya.

Msichana wa pale alimwamkia mama shikamoo, akampa kiti na maji. Akatazama kompyuta.

"Pointi zako ziko zote, dada. Haijapungua hata moja."

"Basi tukatie mbili, kwenda na kurudi."

"Hazitoshi. Zinatosha mtu mmoja, kwenda tu."

"Si umesema ziko zote?"

"Ziko. Ila safari siku hizi inahitaji pointi nyingi zaidi."

Mama akaweka gilasi chini. "Kwani Kisumu imesogea?"

Msichana alicheka, kisha akaziba mdomo na kuomba radhi. Akasema walituma barua pepe kutujulisha. Ni kweli, walituma, nilikuja kuiona baadaye. Kizungu kirefu, kinaanza kwa kusema wana furaha kutuletea maboresho. Darasa la nane langu liliishia hapo kwenye furaha. Lakini sijui, hata ningeielewa ningefanya nini? Ningemwambia mama amzike mumewe haraka haraka?

Kuongezea pesa kulinishinda. Kuna begi la safari pia, akasema msichana, naweza kulichukua kwa pointi hizo hizo.

"Begi la kwenda nalo wapi?" mama akauliza. Halafu akanigeukia. "Nikatie ya kwenda."

"Na kurudi, mama?"

"Mdogo wangu anakufa, weye waniuliza kurudi?"

Akaenda peke yake, akasukumwa kwa kiti cha magurudumu mpaka ndani ya ndege. Alimkuta mama mdogo yu hai. Walilala kitanda kimoja, wakaongea mambo yao ya utotoni mpaka yakaisha, na yule akafariki mkono wake ukiwa mkononi mwa mama. Hilo lilitoka kwenye pointi zile, na sitalikana.

Kurudi nilimkatia basi. Alishushwa hapa na makondakta wawili, uso umemvimba, hawezi kusimama wima. Tangu siku ile hajaenda kanisani kwa miguu yake.

Pengine sina haki ya kukasirika. Tiketi zile za Ghuba hazikulipwa na mimi. Lakini kiti nilikalia mimi, nikilia kutoka hapa mpaka kule kila safari, na machozi yale nilikuwa nimeyawekea kazi. Mtu akakaa ofisini mahali fulani akaamua hayafanyi kazi hiyo tena. Hakunichukulia kitu. Vyote aliniachia, akaondoa thamani yake tu. Kwa hiyo sijui hata nimshtaki kwa lipi.

Majirani wakija kumjulia hali humtania: "Haya, bibi wa angani, tuambie, ndege ikoje?"

Mama hujigeuza kitandani, taratibu, akishika ukuta.

"Ya kwenda ni nzuri," huwaambia.