Maumivu Yanayorudi Kwao

Siku yangu ya kwanza kazini, Shefu, mkuu wetu wa kine, hakunipa koti wala dosie ya mgonjwa. Alinipa kiti karibu na dirisha. Kine, kwa wasioijua kazi yetu, ni mtu anayetibu viungo kwa mazoezi. "Angalia vile muntu anashuka ku moto," aliniambia. "Mugongo inasema mbele ya kinywa." Nilikaa asubuhi nzima nikitazama ukungu ukipanda kutoka ziwani, na wagonjwa wakitokea ndani yake juu ya pikipiki, mmoja mmoja, kila mtu na mwendo wake. Mpaka leo nikifumba macho nawaona. Majina yamenitoka, ila viuno vyao navikumbuka vyote!

Baadaye nilipelekwa upande wa Rwimbogo, kisha kwenye kituo kidogo karibu na Gashonga, ambako kine nilikuwa mimi peke yangu. Kupima kwetu hakukuhitaji mashine. Unamwambia mgonjwa ainame mara kumi, kisha ajipinde nyuma mara kumi, na kila mara unamuuliza: maumivu yamekwenda wapi? Mwendo unaoyateremsha mguuni unauacha. Unaoyapandisha kuelekea mgongoni, huo ndio dawa yake. Akiwa na ganzi mapajani kwa ndani, au mkojo unatoka wenyewe, hapo hakuna mazoezi. Anakwenda kwa daktari saa hiyo hiyo.

Huko ndiko alikonijia Maman Nsimire, mfanyabiashara wa Bukavu. Alikuwa akivuka mpaka kuja kwetu Rwanda kununua maharage, anayabeba mgongoni kwa kikapu, kamba imepita kwenye paji la uso kama wanavyobeba akina mama wa Kishi, kabila la kwao. Maumivu yalimteremka kutoka kiunoni hadi vidole vya mguu wa kushoto.

"Nikiacha kubeba, batoto batakula nini?" aliniuliza.

Nilimlaza kifudifudi, nikamwambia asukume kifua juu kwa mikono, kiuno kibaki kimelala. Mara ya kumi vidole vilinyamaza. Nikamwambia afanye hivyo nyumbani, mara kadhaa kwa siku.

Wiki iliyofuata alirudi amekunja uso. "Mugongo sasa inawaka moto, Maman Kine. Umeniua!"

Niliogopa. Sikumuuliza habari za mguu. Nilimkataza mazoezi, nikamwambia alale tu.

Baada ya wiki mbili mumewe alimleta akimshikilia, hawezi kukanyaga. Maumivu yalikuwa yameshuka tena hadi vidoleni, na nyumbani walikuwa wameanza kusema habari za kupasuliwa. Nilimpigia simu Shefu, naye akaja. Alimuuliza swali moja tu.

"Siku ile mugongo iliwaka, muguu ilikuwa namna gani?"

"Muguu? Ilikuwa muzima, Papa. Nilisahau hata kama niko nayo."

Shefu akanigeukia. "Maumivu ilikuwa inarudi kwao, mu mugongo kwenye ilitokea. Imefika pa mupaka, wewe ukaifungia njia na bariere."

Nililia mbele ya mgonjwa, jambo lisilofaa kabisa. Neno lile la kurudi kwao lilinigusa mahali pengine. Mimi ni mzaliwa wa Bukavu, wazazi wangu walikimbilia huko kutoka Rwanda. Tuliporudi Rwanda, mama yangu alilia wiki ya kwanza kuliko miaka yote ya ugenini, na mimi nilimsihi turudi tulikotoka. Alichukua jembe akaenda kupanda maharage.

Nsimire alianza upya kwenye mkeka wake. Maumivu yakatoka vidoleni, yakapita pajani, yakajaa kiunoni. Alinilaani, akaendelea kusukuma. Asubuhi moja, kupitia dirisha la kituo, nilimwona akitembea ndani ya ukungu na kikapu chake, mguu wa kushoto ukikanyaga sawa na wa kulia. Hakugeuka kunitazama, na mimi sikumwita.

Sasa nimestaafu, nakaa Kamembe, ndege zinatua karibu na usingizi wangu wa mchana. Mwaka huu mguu wangu nao umeanza. Kila asubuhi nalala kifudifudi, nasukuma mara kumi. Leo mguu ulitulia, lakini kiuno kiliwaka hadi machozi yakanitoka, na binti yangu akaingia mbio.

"Maman, acha! Inakuumiza!"

"Iache ipite," nikamwambia. "Iko inarudi kwao."