Kitanda cha Juu ni cha Wakenya Tu

Mzee mmoja wa Kizungu, huko mashambani Uingereza, alivaa miwani yake akanisomea tangazo la kitanda cha Abu Hamour, Doha.

Tangazo lenyewe nililiandika mimi.

Alilisoma polepole, neno kwa neno, kama anayesoma maelekezo ya dawa. Mimi nilikuwa upande wa pili wa laptopu, juu nina blauzi ya kuazima, chini nimejifunga leso kwa sababu kamera haifiki huko. Hiyo ilikuwa intavyu ya kazi. Nilikuwa nimebakiza siku kumi na tisa kwenye nchi ya watu.

Wacha nianzie mwanzo.

Naitwa Charity. Nilikaa Qatar miaka sita nikihudumia wazee majumbani. Bibi wa mwisho niliyemhudumia, Mqatari aliyenipenda na kunigombeza kwa zamu, alifariki mwezi wa nne mwaka wa 2023. Kampuni ikasema haina mgonjwa mwingine wa kunipa. Nikapewa siku thelathini: nipate kazi kwingine au nirudi nyumbani.

Nyumbani ni Nakuru, na kule nina binti anayeitwa Bella. Alikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni. Nikirudi mikono mitupu, na yeye anarudi, karo hakuna. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Tulikuwa tunaishi chumba kimoja cha vitanda sita, vya juu na chini, wasichana Wakenya watupu. Mkuu wa chumba nilikuwa mimi. Mwenye nyumba alinijua mimi, zamu za kupika nilipanga mimi, na kitanda kikibaki wazi nilitangaza mimi.

Sasa, Doha tangazo la kitanda lina desturi yake. Ukifungua ukurasa wowote utaona: Wafilipino tu. Watu wa Kerala tu. Wanepali tu, wasiokula nyama. Hakuna anayeona haya. Ukiandika "yeyote karibu," watu watadhani chumba kina kunguni.

Kwa hiyo mwenzetu Stacy alipohama, niliandika kama wenzangu. Kitanda cha juu, wanawake, WAKENYA TU. Waganda, Wanigeria na Waasia mtuwie radhi. Hatuna ubaya na mtu, ni vile tumezoeana.

Nililiandika kwa Kiingereza, ili wasiotakiwa waelewe vizuri. Nikaweka na namba yangu ya simu.

Wiki hiyohiyo nikapata barua pepe. Makao ya wazee katika kijiji kimoja Uingereza walikuwa wanatafuta mhudumu, na ombi langu limepita hatua ya kwanza. Kijiji chenyewe nitakiita Kwa Kondoo, kwa sababu kondoo wake ni wengi kuliko watu, na rangi yao na ya watu ni moja.

Wairimu, wa kitanda cha dirishani, ndiye mpekuzi wetu wa mitandao. Akanitafutia habari za kijiji. Akapata jarida lao, lile la matangazo ya kanisa na mashindano ya maboga. Humo kulikuwa na barua ya msomaji ambaye hakutaja jina, akilalamika kwamba makao ya wazee yanataka kuleta wageni.

Aliandika hivi: hana ubaya na mtu, lakini kijiji kina desturi zake, na wakija watu wa namna nyingine amani hupungua.

Niliisoma kwa sauti. Emily, aliyekuwa zamu ya kupika, aliacha ugali jikoni ukaungua.

"Si aseme tu hapendi weusi," Emily alisema. "Anazunguka nini?"

Tulimchambua yule mtu chakula chote cha mchana. Tulimwita kila jina. Wairimu alisema hao watu hawajaiona dunia. Mimi nikasema mtu anayeanza na "sina ubaya" ana ubaya wote mfukoni. Tukakubaliana wote, sita kasoro mmoja, chini ya kitanda kilichokuwa kinasubiri Mkenya.

Emily akanishauri niandae hotuba kabisa. Wakinigusa na hayo mambo, niwajibu. Nikachukua daftari nikaanza kuandika kuhusu utu, heshima, na binadamu kuwa mmoja. Maneno yalikuja vizuri, kwa kweli. Nilikuwa ukurasa wa pili kengele ya mlango ilipolia.

Alikuwa dada mmoja mwenye sanduku, amevaa sare ya mlinzi. Nilikuwa nimeongea naye kwa simu asubuhi. Aliniambia anaitwa Faridah, analinda shule hapo karibu, lakini analala Industrial Area, mbali huko kwenye kambi za wafanyakazi, na basi la kampuni linamchosha. Kiswahili chake kilikuwa safi, nikamwambia aje. Sikuuliza anatoka wapi.

Pale mlangoni ndipo nikauliza. Akasema Masaka, Uganda. Kiswahili alikipata Mombasa, alikofanya kazi ya hoteli miaka minne.

Nyuma yangu nikasikia Emily anakohoa. Nikaelewa kikohozi hicho kinasema nini.

"Pole dada," nikamwambia. "Kitanda kimechukuliwa asubuhi hii."

Pale aliposimama alikuwa anakiona. Kitanda cha juu, godoro bila shuka, hata mto hakuna. Alikitazama, akanitazama mimi.

"Sawa, nyabo," akasema, akiniita mama kwa Kiganda. "Naomba maji tu, jua ni kali."

Nikampa maji kwenye kikombe cha karatasi, vile vya kutupa. Vyetu vya kawaida vilikuwa vimejipanga hapo rafuni. Akanywa, akashukuru, akalivuta sanduku lake kwenye joto la Doha ambalo linajulikana. Nikafunga mlango nikarudi ukurasa wa pili, kwenye utu.

Sitasema nilijisikia vibaya. Nilijisikia kama mtu aliyefanya kazi yake. Aibu ilikuja baadaye, na ilikuja na miwani.

Siku ya intavyu, saa nane mchana, walitokea wawili kwenye kioo. Meneja, mama mwenye uso mpole. Na mzee wa mashavu mekundu mwenye sweta la kijani lililochakaa viwikoni, mwakilishi wa familia za wazee. Mke wake mwenyewe alikuwa anahudumiwa pale. Kura ilikuwa ya wote wawili, na meneja alinieleza mapema kwamba mmoja akikataa, basi.

Meneja alianza kwa kunitoa wasiwasi. Akasema kijiji kizima kimehudhuria semina ya kukaribisha watu wa asili mbalimbali, nusu siku, na chai na keki. Wamefundishwa wasiniguse nywele. Nikashukuru kwa niaba ya nywele zangu.

Maswali ya kazi niliyajibu vizuri. Jinsi ya kumgeuza mgonjwa, jinsi ya kulisha mtu aliyepooza, yote nayajua kwa mikono. Daftari la hotuba lilikuwa limefunguliwa pajani. Nilimwangalia Mzee wa Sweta nikisubiri aanze, nimtandike na ukurasa wa kwanza.

Akaanza kwa kusema yeye ni mtu wa kuhakikisha. Hata akinunua kondoo dume huuliza kwanza alikotoka. Kwa hiyo alikuwa amechukua namba yangu ya simu kwenye ombi la kazi akaitafuta mtandaoni, na kuna kitu amekipata.

Akavaa miwani. Akasoma.

Wakenya tu. Waganda, Wanigeria na Waasia mtuwie radhi. Hatuna ubaya na mtu.

Meneja alibadilika rangi mpaka shingoni. Nadhani semina haikufika hapo. Mimi nilifunga daftari taratibu, kwa sababu halikuwa na ukurasa wa mambo hayo.

"Hili ni lako?" Mzee aliuliza.

Nikakubali. Ningekataa vipi, na namba ni yangu. Nikaona sura ya Bella akiteremka kwenye gari na sanduku lake la shule. Nikaanza kujieleza, na kadiri nilivyojieleza ndivyo nilivyozama. Nikasema chumba ni kidogo. Nikasema kila watu wana mapishi yao, na harufu zao, na lugha zao, na mkichanganyika sana amani hupungua.

Nilipolitoa lile neno nililisikia mwenyewe. Nilikuwa nimelisoma mahali.

Mzee wa Sweta alikuwa anatikisa kichwa, na nilipomwangalia vizuri nikaona anakubali. Macho yalikuwa yamemng'aa.

"Ndiyo hasa," alisema. "Miaka mitatu nawaambia kamati hivyo hivyo. Niliandika hata kwenye jarida."

Akamgeukia meneja akamwambia huyu mama anafikiri kama sisi. Halafu akasogea karibu na kamera, akaona kile kitanda nyuma yangu, akauliza kama ndicho chenyewe. Nikasema ndicho. Akauliza kama kimepata mtu.

"Bado," nikasema.

"Usikubali kusukumwa," akaniambia. "Atapatikana wa kwenu."

Akapiga kura yake hapohapo: ndiyo. Meneja aliomba dakika moja, akazima sauti, akaonekana akiongea na ukuta. Aliporudi alikuwa na tabasamu la mtu aliyemeza kitu kisichotafunika. Wahudumu hakuna, wazee wanasubiri. Akasema karibu kazini.

Ningeweza kusema kitu. Nilikuwa na kurasa mbili nzima za kusema. Nikasema asante sana, nikazima laptopu, nikakaa pale na leso yangu.

Wenzangu walinirukia kwa furaha. Wakauliza kama wale wabaguzi walinisumbua. Nikawaambia hapana, tulielewana sana.

Siku nne zikapita kwa makaratasi ya viza. Kilichobaki kilikuwa anwani ya mahali nitakapolala, maana bila anwani wasingekamilisha. Kijijini hakuna nyumba za kupanga, lakini dada yake Mzee wa Sweta alikuwa na chumba kitupu, na tangazo lake lilikuwa limebandikwa dukani miezi sita. Meneja akaniambia hilo limekwisha, nisiwe na shaka.

Jioni nikapata ujumbe kutoka kwa mzee mwenyewe. Aliandika kwa adabu zote. Alisikitika kunijulisha kwamba chumba cha dada yake kimechukuliwa asubuhi hii.

Mstari wa mwisho ulisema: "Naamini wewe, kuliko mtu yeyote, utaelewa."

Nilielewa.

Niliusoma ule ujumbe mara tatu nikiwa nimesimama jikoni, na macho yakaniuma. Nilikuwa nakiona kile chumba cha Kwa Kondoo, godoro liko wazi, shuka hakuna. Nilijua kabisa kimebaki hivyo hivyo. Sikumlilia Mzee wa Sweta, nilimlilia yule mlinzi aliyeomba maji.

Nikatafuta namba ya Faridah. Alipokea akiwa kwenye basi.

Nikamwambia nilimdanganya, na kitanda kipo. Kisha nikaongeza, nikidhani namtuliza, kwamba hata mimi nitaondoka karibuni, kwa hiyo nafasi zitakuwa mbili.

Akashusha sauti.

"Nyabo, tangazo lako nililisoma," alisema. "Nilijua. Nilidhani ukiniona uso kwa uso utabadilika. Sasa unanikaribisha kwa sababu unaondoka?"

Nikasema, "Njoo leo. Nikiwa bado niko."

Kabla hajafika niliwaambia wenzangu. Wakanijia juu. Emily alisema yeye hana ubaya na Waganda, ni vile tumezoeana. Nikampa simu asome ujumbe wa Mzee wa Sweta. Akausoma, akanirudishia, akaenda kupangua sufuria zilizokuwa zimepangwa tayari. Hakukubali, lakini hakukohoa tena.

Faridah alifika na sanduku lile lile. Nikamletea maji kwenye kikombe changu mwenyewe. Akakigeuzageuza.

"Leo nimepandishwa cheo," akasema. Mimi nilicheka, yeye hakucheka sana.

Meneja naye hakuniangusha. Alinisafishia stoo ya mashuka pale makaoni, akaweka kitanda na dirisha likafunguliwa, na hiyo ndiyo ikawa anwani yangu. Nilipanda ndege siku mbili kabla ya zile thelathini kuisha. Bella alimaliza shule, na nilimnawisha mke wa Mzee wa Sweta kwa mikono hii hii mpaka siku yake ya mwisho. Yeye hakuwahi kuniuliza natoka wapi. Aliuliza tu maji ya moto yako wapi.

Faridah aliishi vizuri na wale wasichana. Emily alimfundisha kupika mukimo, viazi vya kuponda na mahindi, yeye akawafundisha kupika matoke kwa majani ya ndizi yanayouzwa kwenye duka la Wahindi. Baada ya mwaka mmoja Emily alihama, na wote wakamchagua Faridah kuwa mkuu wa chumba. Nilipoambiwa nilifurahi mpaka nikawasimulia wazee wangu wakati wa chai.

Juzi nikaingia kwenye ule ukurasa wa vitanda vya Doha, kwa mazoea tu. Nikakutana na tangazo jipya, Abu Hamour, chumba kile kile, chini kuna namba ya Faridah.

Kitanda cha juu, wanawake, WAKENYA NA WAGANDA TU. Wengine mtuwie radhi. Hatuna ubaya na mtu.

Nilitaka kumpigia nimwambie kitu. Kisha nikakumbuka mimi ndiye niliyemwandikia nakala ya kwanza.

Funzo langu ni dogo, chukua kama litakufaa. Ubaguzi tunaujua wote vizuri sana tukiwa nje na sanduku. Ukishaingia ndani, ukapewa kitanda na kikombe, hapo ndipo ujiangalie, kwa sababu kengele italia tena na anayeenda kufungua ni wewe.