Busaa ya Kusherehekea Leseni

Leo nimemwaga busaa ya anko mbele ya wageni, na siombi mtu msamaha.

Mnajua brother yangu Kiplangat. Alipindua pikap ya majani chai akiwa amelewa, jirani yetu akavunjika mguu. Korti ikamnyang'anya leseni mwaka mzima, na ikamwambia aende masomo ya kuacha pombe kila Jumamosi.

Alienda zote. Hata mvua ikinyesha, alitembea kutoka huku kwetu Sigowet na gumboots.

Leo leseni imerudi. Kufika nyumbani, watu wamejaa, mbuzi iko kwa moto. Nikafurahi sana, mimi mjinga.

Halafu anko akaleta mtungi wa pombe.

"Kijana, onja kidogo. Si serikali imekusamehe?"

Serikali? Kwani ni serikali ilikuwa inatetemeka kitandani ile wiki ya kwanza? Ni mimi nilikuwa namshikia ndoo.

Kiplangat akashika kikombe. Hakunywa, hakurudisha. Aliangalia tu ndani, na watu wakawa wanamngoja, wengine wanacheka.

Hapo ndio nikamwaga. Kikombe, mtungi, yote kwa nyasi.

Anko akasema nimeaibisha familia. Nikamuuliza, "Anko, kuna Jumamosi hata moja ulimsindikiza?"

Akainama kuokota mtungi wake.

Kiplangat akatoa leseni mfukoni, akaniwekea mkononi.

"Kaa nayo kwanza. Ungechelewa kidogo, ningekunywa."

Sasa niambieni kama nilikosea. Lakini mwenye ataniandikia "si ilikuwa kidogo tu", huyo si rafiki yangu.