Daikiri Nyuma ya Pazia

Mume wangu alipata nafasi ya kujaribiwa kazi ya baa kwa sababu ya neno moja: kuchanganya. Kwa miaka kumi na moja alikuwa fundi wa rangi katika kiwanda cha nguo hapa Mwanza. Kiwanda kilipoanza kupunguza watu ili kipate mnunuzi, idara ya rangi ilitangulia. Alirudi nyumbani Igogo na koti la kazi lenye madoa ya kila namna, pamoja na gilasi ndefu ya kupimia, yenye mistari, ambayo sikumwuliza ameitoaje getini.

Miaka ile mji ulikuwa umefunguliwa ghafla. Maduka tuliyozoea kukuta viberiti na sabuni ya mche sasa yalijaa vitu ambavyo hatukujua kama vinaliwa au vinapakwa. Viwanda vya minofu ya sangara vilileta wageni, ndege za mizigo zikawa zinatua Ilemela kila mara, na marubani wake walitaka mahali pa kukaa na kunywa. Mfanyabiashara mmoja akajenga hoteli juu ya mawe upande huo, akatangaza kwamba anatafuta mtu wa baa.

Mume wangu alienda na shati lake la harusi. Tajiri akamwuliza, "Umewahi kuchanganya?"

"Miaka kumi na moja, mzee," akajibu, wala hakupepesa macho.

Hakuulizwa alikuwa akichanganya nini. Alipewa karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza na kuambiwa arudi Jumatatu saa sita mchana. Kutakuwa na mgeni, rubani, na mgeni huyo anataka daikiri. Itengenezwe kwa ndimu zenyewe, siyo maji ya ndimu ya chupa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, kwa hiyo kusoma karatasi lilikuwa jukumu langu. Vipimo viwili vya ramu, kimoja cha maji ya ndimu, sukari kiasi, barafu, tikisa kwa nguvu, chuja, mimina.

"Basi?" akasema. "Rangi ya kijani ya khanga ilikuwa na vitu tisa. Hii daikili ina vitatu."

Mume wangu ni Msukuma wa Magu, na herufi ya r humjia pale inapojisikia. Sikumsahihisha. Nilikuwa na wasiwasi mwingine: mama yangu alikuwa anaingia kesho yake kwa meli kutoka Nansio.

Mama alikuja kwa ajili ya macho. Hospitali walimwangalia siku ileile, wakampa dawa ya matone, wakamwambia arudi baada ya wiki. Sasa, kwetu Ukerewe, na kwa Wasukuma vilevile, mama mkwe na mkwewe wa kiume hawatazamani, hawali pamoja, wala hawaongei ana kwa ana. Nyumba yetu ilikuwa na chumba, sebule, na jiko la nyuma. Tukapanga hivi: usiku Mama analala kwa jirani yetu, mama mmoja kiongozi kanisani ambaye ni ndugu yetu wa mbali, na mchana anakaa jikoni kwangu. Mume wangu anabaki sebuleni. Katikati kuna pazia, na katikati ya pazia kuna mimi.

Mama alikuja na kikapu kilichojaa ndimu na machungwa ya shambani kwake. Mume wangu aliposikia harufu ya ndimu kutoka sebuleni, alisema Mungu ameingilia kati.

Jumatano, nilipotoka shule, tulianza. Ramu aliinunua chupa moja, akaipima kwa gilasi yake ya kiwandani, akiinama usawa wa mstari na kufumba jicho moja. Barafu hatukuwa nayo. Jirani alikuwa na friji, lakini angetaka kujua barafu ni ya nini, na kwa wadhifa wake kanisani tusingeweza kumjibu. Mume wangu akaenda mwaloni, wanakopakia samaki, akarudi na bonge ndani ya gunia.

Chombo cha kutikisia pia hatukuwa nacho. Akachukua chupa ya chai tuliyopewa kwenye harusi, ile yenye maua mekundu, kwa hoja kwamba inatunza baridi kama inavyotunza joto. Akatia ramu, ndimu, sukari na vipande vya barafu, akafunga, akatikisa kwa nguvu kama karatasi ilivyosema. Kikasikika kishindo kama cha risasi. Kioo cha ndani kilikuwa kimegeuka unga.

"Nini hicho?" Mama akauliza kwa Kikerewe.

"Chupa ya chai, Mama."

"Imefanya nini?"

Ikabidi nimweleze. Nilitarajia kuhubiriwa, kwa sababu Mama ameokoka na hana mzaha. Badala yake aliuliza kinywaji chenyewe kinaitwaje.

"Daikiri," nikasema.

"Daikili," mume wangu akarekebisha kutoka ng'ambo ya pazia.

"Akili gani hiyo," Mama akaniambia, "inayoanza kwa kuvunja vyombo?" Kisha akapunguza sauti. "Akitengeneza nyingine, niletee. Nitaonja kwa ulimi tu. Sitameza."

Ya pili aliitikisia kwenye kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko, akaichuja kwa chujio la chai. Nikaipeleka jikoni, nikiwa nimeonja kidogo ili nijue ninachobeba. Mama akachovya ulimi, akatema kwenye majivu.

"Mwambie kuna samaki humu," akasema. "Na samaki mwenyewe hakufa leo. Sukari imelala chini kama mchanga. Na ndimu ina uchungu. Hii angempa mbuzi mwenye kikohozi, mbuzi angeomba achinjwe."

Nikarudi sebuleni.

"Anasemaje?" mume wangu akauliza.

"Anasema imekaribia."

Jikoni kukasikika mtu akisafisha koo kwa nguvu. Nilikuwa nimesahau kwamba pazia linazuia macho tu, na kwamba Mama Kiswahili anakisikia vizuri kabisa.

Siku ile tulitengeneza nne, ndogondogo, za kijiko cha chakula. Kila moja niliionja wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Baadaye nikakaa kusahihisha madaftari, na ninakiri hapa kwamba darasa la nne B walifaulu wote, pamoja na mtoto aliyeandika kwamba Ziwa Viktoria linapakana na Zanzibar.

Alhamisi ndiyo siku niliyoiogopa bila kujua kwamba inakuja. Lazima niseme hapa kwamba nilipoolewa nilimwambia mume wangu kuwa mama yangu alitusomesha kwa biashara ya machungwa. Baba mkwe wangu alikuwa mzee wa kanisa. Nilikuwa msichana, niliona aibu. Machungwa yalikuwepo kweli, lakini machungwa hayakunifikisha chuo cha ualimu.

Mama aliomba ramu tupu, isiyochanganywa, kijiko kimoja. Akakisogeza kijiko kwenye makaa, ramu ikashika moto. Ulikuwa moto wa bluu, mwembamba, uliotulia. Mama akauangalia kwa yale macho yake mabovu mpaka ukazimika.

"Hii ni ya kweli," akasema, safari hii kwa Kiswahili. "Hawajaitia maji. Kosa ni lenu."

Sebuleni gilasi ikawekwa mezani. Kisha mume wangu akaniuliza, "Mama amejuaje?"

"Amenusa," nikasema.

"Acha uongo!" Mama akafoka. "Mimi nimeokoka, siwezi kukaa hapa nasikiliza mwanangu anadanganya kwa ajili yangu. Mwambie."

Nikasimama katikati ya mlango, pazia likiwa begani kama khanga, nikamwambia. Kwamba Mama alikuwa anapika gongo. Kwamba nyuma ya nyumba yetu, kwenye migomba, kulikuwa na pipa na bomba lililopita kwenye maji. Kwamba watu walivuka kutoka visiwa vingine kwa ajili ya gongo ya Mama, na kwamba ada zangu zote zilitoka ndani ya lile bomba. Kwamba alipookoka alilivunja pipa mbele ya waumini wote, na wengine kati ya waumini hao walilitazama kwa huzuni kubwa kuliko walivyopaswa.

Mume wangu aliinamisha kichwa. Niliona vidole vyake vinagongagonga meza. Nikajisemea, leo nimeharibu nyumba yangu.

"Lile bomba," akasema hatimaye, "lilikuwa la shaba?"

"Nini?"

"Mwulize. La shaba au la chuma? Na maji ya kupoozea alikuwa anayabadilisha kila baada ya muda gani?"

Nilimwangalia huyu mwanamume niliyemficha jambo hilo miaka sita. Macho yake yalikuwa yanang'aa kama ya mwanafunzi aliyepewa kitabu kipya. Kutoka jikoni, kabla sijatafsiri lolote, sauti ya Mama ikajibu, "La shaba. La chuma linaharibu ladha. Mwambie."

Nikamwambia, ingawa wote watatu tulikuwa tumeshasikia.

Kuanzia hapo mambo yalienda mbio. Mama aliamuru sukari iyeyushwe kwanza kwenye maji ya moto, kisha ipoe. Aliamuru ndimu zianikwe juani kidogo zilegee. Kuhusu barafu alisema ataongea na jirani mwenyewe, na aliongea. Jirani akatoa barafu kwa masharti kwamba hajaambiwa kitu. Kisha, siku iliyofuata, akaja kuuliza kile kitu ambacho hajaambiwa kimefikia wapi.

Jumamosi mchana nilienda kwa jirani huyo kuchukua barafu. Niliporudi nilisikia sauti mbili nyumbani kwangu, nikasimama uani na bakuli mkononi.

"Acha! Usiiminye hivyo!" Mama alikuwa anasema. "Nasikia ganda linapasuka. Ganda ndilo lina uchungu."

"Samahani, Mama. Nifanyeje?"

"Iviringishe kwanza mezani kwa kiganja. Haya. Sasa ikate katikati. Iminye mara moja tu. Ikigoma, iache, chukua nyingine."

"Nyingine hii ngumu, Mama."

"Hilo ni chungwa, pumbavu—" Akakatisha. "Nisamehe, mkwe."

"Hapana, Mama, ni kweli, nilishika chungwa."

Nilichungulia. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, ameligeuzia pazia mgongo. Upande wa pili mume wangu alikuwa amesimama mezani, naye ameligeuzia pazia mgongo. Upepo wa ziwani ulikuwa unalipeperusha pazia mpaka linawagusa wote wawili, wala hakuna aliyegeuka. Wakanisikia. Mama akaanza mara moja kuongea na mimi kwa Kikerewe kuhusu mboga, kama mtu aliyekamatwa na polisi.

Ile ya Jumamosi jioni ndiyo iliyotoka sawa. Ilikuwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa maji mengi, na povu jembamba juu. Mama akaionja. Kisha nikaona koo lake likipanda na kushuka.

"Mama, umemeza."

"Imepita yenyewe," akasema. "Ikipita yenyewe ujue ni nzuri. Mwambie hiyohiyo, asiguse tena kitu."

Jumatatu mume wangu akaondoka na ndimu kumi na mbili, kichupa cha sukari iliyoyeyushwa, kopo la maziwa na gilasi yake, vyote ndani ya begi la shule nililomwazima. Mama alifunga kula mpaka saa nane. Nilipomwuliza kama anamwombea mkwewe apate kazi ya kuuza pombe, alisema anamwombea mkono wake usitetemeke, mengine ni yake na Mungu.

Alirudi alasiri. Alikaa sebuleni, akavua viatu, akatueleza sote wawili kwa sauti ya kutosha kupita pazia.

Tajiri alikuwepo, na rubani alikuwepo, mtu mnene mwenye uso mwekundu. Mume wangu aliviringisha ndimu, akaminya mara moja, akapima kwa jicho moja, akatikisa kopo. Rubani alilicheka kopo, lakini alipokunywa aliacha kucheka. Akamaliza, akaomba nyingine, akamshika mkono.

"Halafu?" Mama akauliza.

"Halafu tajiri akaonja ya kwake. Akakunja uso. Akasema, mbona kali? Wateja wa hapa wataikimbia. Akachukua soda ya machungwa, akaijaza mpaka juu. Akaonja. Akasema, sasa hii ndiyo daikili. Nimepata kazi, naanza kesho, ila niwe naitengeneza hivyo."

Nilifunua pazia kidogo. Mama alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, kama siku ile alipovunja pipa.

"Soda," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Ya chupa."

"Ya chupa, Mama."

Alishusha mikono. "Na yule rubani, yeye ulimpa ile yetu?"

"Mbili."

"Basi," akasema. "Sisi tulikuwa tunampikia yeye."

Hospitali walimruhusu siku iliyofuata, na Jumatano tukamsindikiza bandarini. Mume wangu aliomba ruhusa ya saa moja kazini akaja na sare yake mpya, shati jeupe na tai nyeusi ya kipepeo. Abiria wote walimtazama. Walitazama zaidi waliposikia mazungumzo, kwa sababu Mama alikuwa anaangalia ziwa, na mume wangu, hatua mbili nyuma yake, anaangalia mji, na hivyo hivyo wakaagana.

"Shikamoo, Mama. Safari njema."

"Marahaba, mkwe. Hiyo tai wamekufunga ya nini?"

"Ndiyo ya kazi, Mama."

"Haya. Isikubane koo." Akainua kikapu chake kitupu. "Na huyo tajiri wako, mwambie—" Honi ya meli ikalia, ndefu, ikameza maneno yote yaliyobaki. Ilipoisha, Mama alikuwa ameshapanda ngazi.

Mume wangu akanigeukia. "Amesemaje?"

Nilikuwa nimesimama bega kwa bega na Mama, nilisikia kila neno licha ya honi. Lilikuwa jambo ambalo mtu aliyeokoka hatakiwi kulisema kuhusu tajiri yeyote.

"Anasema umsalimie," nikajibu.