Miwani Iliyojinyoosha Yenyewe

Wakati wa vita nilikuwa nafundisha kemia katika shule moja ya sekondari hapa Kindu. Chaki ilikuwa imekwisha na nusu ya wanafunzi walikuwa wamekimbilia porini, lakini nilikuwa na miwani nzuri niliyoachiwa na padri mmoja mgeni alipohama. Fremu yake ilikuwa ya titani na nikeli.

Siku moja, kwenye kizuizi cha askari karibu na stesheni, komanda alinivua miwani ile, akaukunja mkono wa fremu ukawa kama ndoana. Alipouachia, ukajinyoosha. Akaruka nyuma.

"Mwalimu, hii njo dawa ya wapi?"

"Si dawa, komanda. Ni metali mbili zilizoyeyushwa pamoja, chembe zake zikajipanga upya. Ukiipinda, inakumbuka umbo lake."

"Chuma iko na akili?"

Ningenyamaza hapo ningefika nyumbani salama. Lakini mwalimu ni mwalimu. Nikaendelea: titani ikichanganywa na alumini hutoa kitu chepesi, kinachostahimili moto wa injini ya ndege, ingawa kikipoa huvunjika upesi.

"Ndege!" Akanirudishia miwani, akanipa cheo papo hapo: mshauri wa madini.

Kuanzia kesho yake askari walipita nyumba kwa nyumba wakiitafuta chuma yenye akili. Walipinda vijiko, spoki za baiskeli, hata mikasi ya hospitali. Hakuna kilichokumbuka chochote. Mke wangu alinionyesha vijiko vyetu.

"Baba watoto, ulishindwa nini kunyamaza?"

Kwa hofu nikaandika ripoti: chuma hiyo haichimbwi ikiwa tayari, hupikwa kwenye tanuru lisiloingia hewa, kwa moto mkali mno. Komanda akaisoma mara mbili.

"Makala ya kupikia, ile ya Kibombo, haitoshi kwa hiyo moto?"

"Tutajaribu, komanda," nikajibu. Bahati nzuri akahamishwa kabla hatujajaribu.

Siku hizi yeye ni mheshimiwa. Majuzi alituita wenyeji mtaa wa Kasuku, hapa mjini, kwenye semina ya kiwanda cha titani anachotaka kujenga. Umeme ulikatika kabla ya hotuba, akahutubia gizani, kisha akanisimamisha nieleze sayansi. Nilieleza yale yale. Mstaafu mmoja wa reli akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kama chuma hiyo inakumbuka, watengeneze nayo reli. Treni yetu imesahau njia."

Ukumbi ulicheka. Mheshimiwa hakucheka, alikuwa anaandika. Wiki iliyofuata nikamsikia redioni akitangaza mradi wake mpya: reli yenye akili.