Kitwitwi Mwenye Kijiko

Ilikuwa mwaka wa mafuriko. La, ulikuwa ule uliofuata, maana maji yalishapungua na kuacha dimbwi la tope chini ya dirisha la kinyozi. Mikono ya kinyozi huyo imetulia kama maji ya mtungini. Mteja akiinuka tu, huvuta kitambaa shingoni mwake na kukikung'uta dirishani, paa! Vitwitwi, vile vindege vya majini vyenye miguu ya njiti, hutimka, kisha hurudi kuchokoa tope, naye huegemea dirisha akiwatazama. Huwajua kwa midomo, kama anavyowajua wateja kwa visogo.

Siku hiyo aliyekaa kitini alikuwa shemeji yake, nusu ya kichwa inang'aa, nusu kichaka. Kinyozi akachungulia nje, mara wembe ukamponyoka. Katikati ya vitwitwi alisimama mmoja mwenye mdomo uliopanuka nchani kama kijiko. Ndege wa aina hiyo kinyozi alikuwa amemwona kwenye picha tu, na hata hapo ilisemwa wamebaki wachache mno duniani.

"Shemeji, njoo uone! Nikisema peke yangu, wataniita mwongo."

"Nije na nusu kichwa, wewe? Nyoa kwanza!"

"Njoo, nakuomba!"

Shemeji akainuka. Na mteja akiinuka, mkono wa kinyozi haungoji amri: ukavuta kitambaa, ukakikung'uta dirishani. Paa!

Vitwitwi walirudi, wale wale wa kila siku. Kinyozi aliikagua midomo yao mmoja mmoja, kitambaa kikining'inia mkononi. Shemeji alikuwa akipapasa kichwa chake. Mpaka leo, kila akija kunyolewa, kinyozi humuuliza:

"Shemeji, kabla sijakung'uta, ulikiona kile kijiko?"