Mpishi wa Kaburi la Saba

Kwenye kuhesabu watu, mjomba wangu hana mzaha hata kidogo. Kila kituo, kabla magurudumu hayajazunguka, anasimama mbele ya msafara, mguu mmoja kwenye pedali, anageuza kichwa kidogo na kusema, "Haya." Anayemfuata anapiga kengele mara moja, kisha wa pili, kisha wa tatu, mpaka zamu inanifikia mimi niliye mkia. Mlio mmoja ukikosekana, haondoki. Siku moja alitusimamisha juani nusu saa nzima kwa sababu mgeni mmoja alikuwa ameifungua kengele yake na kuitia mfukoni, eti inamkera. Watu wanamwita Kengele, na wengi hawajui kama ana jina jingine.

Zamani alikuwa mpeleka barua. Kwa miaka ishirini na sita alizunguka upande wa mashariki wa ziwa kwa baiskeli nyeusi ya kazini, na tabia ya kuhesabu aliitoa huko: barua zilizoingia kwenye mfuko asubuhi lazima zilingane na milango aliyobisha. Njia yake ilipofutwa walimwachia ile baiskeli, maana hapakuwa na mtu aliyeitaka. Akakaa nyumbani miezi miwili akimchosha mama yangu, ambaye ni dada yake, kwa kumpangia upya sufuria zake kuanzia kubwa hadi ndogo. Mwishowe mama akamwambia, "Kaka, toka. Nenda unakotaka, lakini toka." Ndipo alipoanza kuwapeleka wageni kwenye barabara ileile ya barua: mnara wa taa, gati la mawe, karakana ambamo meli ya mvuke iliungwa kipande kwa kipande, na makaburi saba ya watu waliokufa wakiiunga. Kwenda na kurudi ni kilomita thelathini na nane.

Mimi ni fundi wake. Stoo yetu ina baiskeli kumi na moja zinazoning'inia kwenye ndoano, karai la maji la kutafutia matundu ya tyubu, na ukuta wa spana ambao mtu akiugusa bila ruhusa tunakosana. Njiani ninakaa nyuma na pampu, viraka na cheni ya akiba. Nina mdomo, nakubali. Mjomba anasema nilizaliwa nikiwa nimeshaanza kubisha.

Sasa hayo makaburi. Yako juu ya kilima, ziwa lote likionekana chini. Sita yana vibao vya chuma vyenye jina na kazi ya marehemu: seremala, mfua chuma, wapiga ribiti za kuungia mabamba ya chuma na kadhalika. La saba lina jiwe tupu. Na wageni ni walewale siku zote. Utawasomea majina sita watikise vichwa, halafu watakuuliza la saba. Mwanzoni mjomba alikuwa akijibu, "Hajulikani," nao wanaondoka wamenyong'onyea, njia nzima hakuna anayeongea. Mwaka wa tatu, alipoulizwa tena, akajibu, "Mpishi." Lilimponyoka tu, aliniambia baadaye. Kwenye vile vibao hapakuwa na mpishi, na watu wote wale lazima walikuwa wanakula.

Hadithi ikaota miguu. Mpishi akapata sufuria ya kulisha watu mia. Akapata na siku ya moto, karakana ikiwaka, akaingia mara mbili kuwatoa wenzake, na mara ya tatu asitoke. Kila msimu mjomba alitia chumvi kidogo. Na mimi, niseme ukweli, sikukaa pembeni. Siku moja alikuwa akieleza jinsi mpishi alivyokuwa akikoroga na mwiko wake, nikachomekea kutoka nyuma, "Kwa mkono wa kushoto." Mimi mwenyewe natumia kushoto, na utotoni nilichapwa sana kwa ajili hiyo. Nilitaka shujaa mmoja awe wa upande wangu. Wageni walicheka, mjomba akanikata jicho, lakini safari iliyofuata nikasikia mkono wa kushoto umo ndani ya hadithi kama vile ulizaliwa nayo.

Tuliendelea hivyo miaka kumi na tisa. Watu wakawa wanaweka maua kwenye lile jiwe tupu, na yale sita yenye majina yakabaki na majani makavu. Hilo nililiona, nikanyamaza.

Jumamosi moja alikuja mwalimu mstaafu, mwanamke wa miaka sabini na miwili. Umri alitutajia mwenyewe bila kuulizwa, ili tusije tukamfanya yai. Alifika kabla sijafungua stoo, akazipitia baiskeli zote, akabinya tairi la ile aliyoipenda na kuniambia, "Hii haina upepo wa kutosha, mwanangu." Kweli haikuwa nao. Kwenye kikapu cha mbele akaweka kifurushi kilichofungwa kwa kitambaa. Wageni wengine walikuwa wanne, mtu na mkewe na wanachuo wawili. Mjomba alimweka mwalimu nyuma yake, kama anavyomweka kila anayekwenda polepole, ili yeye ndiye apange mwendo wa wote.

Kwenye mnara wa taa hakupanda. Kwenye gati alikunywa maji tu. Lakini karakanani, wengine wakipiga picha mashine zenye kutu, yeye aliuliza, "Jiko lilikuwa upande gani?"

Mjomba akapepesa macho. "Hilo hatuna uhakika nalo, Mwalimu."

Kilomita mbili kabla ya makaburi mwiba ukachoma tairi lake la nyuma. Mjomba akawatanguliza wengine kidogo wakapumzike, mimi nikapindua baiskeli na kuanza kazi. Mwalimu akaketi kwenye jiwe, kifurushi mapajani.

"Mkwe wangu alipita na nyinyi mwaka jana," akasema. "Akarudi na habari za yule mpishi wenu."

"Ndiyo, Mwalimu," nikajibu, nikikwangua tyubu.

"Babu yangu, mzaa mama, aliondoka nyumbani kuja kupika kwenye ujenzi wa meli hii. Bibi alibaki na mimba. Hakurudi, na barua haikuja. Mama yangu aliishi miaka tisini na mitano na hakuruhusu geti letu lifungwe hata siku moja. Alikuwa akisema, je, baba akija? Alifariki miezi minne iliyopita."

Nilimpa pole. Halafu nikasema, "Lakini wapishi walikuwa wengi, Mwalimu."

"Wengi, najua. Lakini wa mkono wa kushoto?" Akafungua kitambaa. Ndani mlikuwa na kibao cha shaba, jina limechongwa vizuri, kina matundu manne na skrubu zake. "Babu alikuwa mashoto. Ndiyo alama pekee bibi aliyotuachia."

Gundi ilinikaukia kidoleni kabla sijaipaka. Kiraka nilikibandika mara mbili, mimi ambaye hukibandika nimefumba macho.

Tulipowafikia wenzetu nilimvuta mjomba kando nikamweleza yote kwa kunong'ona. Nikamwambia tunyamaze. Nilimwambia bibi wa watu amepanda milima kwa miguu yake, mama yake amekufa, tutapungukiwa na nini akifunga kibao chake akaenda zake kwa amani? Nilikuwa namwonea huruma, ndiyo, lakini zaidi nilikuwa naogopa aibu.

Mjomba alitazama mikono yake. "Miaka ishirini na sita sikuacha barua kwenye mlango usio wake," akasema. "Akipewa huyu, hatamtafuta tena wake."

"Atatutukana."

"Na atukane."

Makaburini alisoma majina sita kama kawaida. Alipofika la saba akavua kofia. Mwalimu alikuwa ameshasogea karibu na jiwe, kibao mkononi.

"Huyu hajulikani," mjomba akasema. "Hadithi ya mpishi niliitunga mimi. Hapakuwa na moto. Sijui kama alikuwa mpishi. Sijui chochote juu yake. Mwalimu, nimekukosea, na nakuomba radhi mbele ya hawa wote."

"Na mkono wa kushoto niliuongeza mimi," nikasema. Sikutaka abebe peke yake.

Wanachuo waliinamisha vichwa. Yule bwana na mkewe wakajifanya wanatazama ziwa. Mwalimu alikaa chini kwenye majani, taratibu, akishika goti, na akakaa hivyo mpaka miguu yetu ikaanza kutuuma kwa kusimama.

"Ulimpa jina?" akauliza mwishowe.

"Hapana. Mengine yote nilithubutu. Jina sikuthubutu."

Akageuza kibao, akakifuta na upande wa gauni. "Nilimwambia mama," akasema. "Wiki yake ya mwisho. Nilimwambia baba yake amepatikana, alikufa akiokoa watu. Akanitazama hivi, akacheka. Akaniambia, basi mwanangu, nenda kafunge geti. Nikaenda nikafunga. Sasa niambie, mdogo wangu, nikushukuru au nikutukane? Maana sijui."

Mjomba nilimwona analia waziwazi, machozi yanamfuata mikunjo ya uso, hakuyafuta. Katika maisha yangu yote nilikuwa sijamwona hivyo, hata siku tulipomzika mkewe. Nami nilisimama pale na mdomo wangu wote, sina hata neno moja la kumsaidia.

Mwalimu akakifunga kibao ndani ya kitambaa, fundo juu ya fundo. Nikampa mkono akainuka. Alitembea mpaka kwenye yale makaburi sita, akayaondolea majani makavu moja baada ya jingine, kisha akarudi akasimama mbele ya jiwe tupu. Akalitaja jina la babu yake, kwa sauti ya kawaida, kama mwalimu anayeita darasani. Akasubiri kidogo. Jina hilo sitaliandika hapa. Halafu akakirudisha kifurushi kikapuni, akashika usukani na kusema, "Twendeni."

Tukajipanga. Mjomba akaweka mguu kwenye pedali.

"Haya," akasema.

Kengele ya mwalimu ikalia ya kwanza. Ikafuata ya bwana, ya mkewe, za wanachuo wawili, na yangu ya sita. Hesabu ilikuwa imetimia. Mjomba akainama kuanza safari, na hapo kengele ikalia tena, mbele kabisa, nyuma ya mgongo wake.

"Mwalimu," akasema kwa upole, "yako tumeshaisikia."

"Hiyo si yangu," mwalimu akajibu, na kichwa akakigeuza kidogo kuelekea lile jiwe.

Mjomba akaivaa kofia yake.

"Saba," akasema, tukaondoka.